Kundi la simu la wagonjwa wa ini: litanisaidia, au ni kupoteza bando?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43, naishi Muheza. Miaka sita iliyopita nilikwenda kumchangia damu dada yangu aliyejifungua kwa upasuaji, ndipo nikaambiwa nina homa ya ini B. Mwaka jana altrasaundi ikaonyesha ini limeanza kusinyaa. Dawa nakunywa kila siku, namshukuru Mungu. Kinachonimaliza ni mawazo. Usiku silali, nikilala naota mazishi yangu, na darasani nawafokea watoto bila sababu. Nesi wa kliniki amenipatia nafasi kwenye kundi la wagonjwa wa ini la kudhibiti msongo wa mawazo. Wanakutana kwa simu kila Alhamisi saa tatu usiku, kwa wiki nane. Mume wangu anasema ini halitibiwi kwa kuvuta pumzi, ni kupoteza bando tu. Mimi ninachoogopa ni kujulikana. Je, mawazo yanaliharibu ini? Na kundi hilo litanisaidia nini hasa?"

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Jibu langu fupi ni hili: jiunge. Lakini kabla ya Alhamisi ya kwanza rudi kliniki ukaeleze habari ya kutolala na ya kuwafokea watoto, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Sababu nitakueleza mbele kidogo, na naomba usiiruke.

Nianze na mumeo. Nusu ya anachosema ni kweli, usibishane naye kwenye nusu hiyo. Pumzi haiondoi kovu kwenye ini. Wala si mawazo yaliyokuletea ugonjwa huu. Ni virusi, na kwa wengi wetu huku Afrika virusi hivyo huingia utotoni, pengine siku ya kuzaliwa, vikakaa kimya miaka na miaka. Nasema hivi kwa sababu nimepokea wagonjwa wengi waliokwisha kubebeshwa lawama nyumbani: "Unawaza mno, ndiyo maana huponi." Mgonjwa akiliamini hilo anaanza kuogopa mpaka mawazo yake mwenyewe, na usiku unakuwa mrefu zaidi. Mzigo huo si wako, ukatae.

Kinachotibu ni kidonge. Nadhani unatumia tenofoviri, maana ndiyo inayotumika zaidi kwa homa ya ini B. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya watu waliotumia dawa hiyo kwa miaka mitano, wakachukuliwa kinyama cha ini mwanzoni na mwishoni. Miongoni mwao walikuwemo 96 walioanza na ini lililokwisha kusinyaa. Baada ya miaka mitano, 71 kati yao hawakuwa tena katika hali hiyo. Ini ni kiungo chenye kujirekebisha kikipewa nafasi. Ukiota tena mazishi yako, ukishtuka usiku wa manane, wakumbuke hao 71.

Sasa njoo kwenye ile nusu ambayo mumeo haioni. Hao 71 walimeza kidonge kila siku kwa miaka mitano, na mtu aliyezidiwa na mawazo ndiye anayeshindwa kufanya hivyo. Nimemwona mama aliyeacha dawa kwa sababu kila akiuona ule mkebe alikuwa anakumbuka kwamba ni mgonjwa. Dawa ya homa ya ini B ukiiacha ghafla, virusi vinaweza kulipuka upya na kulishambulia ini kwa ukali kuliko mwanzo. Nimemwona kijana aliyekuwa hanywi pombe akaanza kunywa ili apate usingizi. Wapo wanaokwepa altrasaundi ya kila miezi sita, ile ya kuangalia kama kuna uvimbe, kwa kuogopa jibu. Na wapo wanaouziwa mitishamba ya "kusafisha ini" wakarudi kwetu wamekuwa wa manjano macho na viganja. Ukiniuliza kama mawazo yanaliharibu ini, jibu langu ni kwamba hayaingii kwa mlango wa mbele. Yanapita nyuma, kwenye mambo tunayoyafanya ili tuyakimbie. Kundi zuri linaulinda mlango huo wa nyuma. Kidonge kinalinda ini, na kundi linakulinda wewe unayekimeza.

Sisi Waswahili habari ikituumiza sana tunasema imetukata maini. Wagonjwa wangu wengi wameniambia neno hilo walianza kulihisi kama neno la kweli siku walipopewa majibu.

Sasa ile sababu ya kukurudisha kliniki.

Ini lililosinyaa linaweza kushindwa kuchuja sumu zinazotoka kwenye utumbo, hasa amonia. Sumu hizo zikipanda kwenye ubongo, dalili zake za mwanzo zinafanana mno na msongo wa mawazo: usiku macho makavu na mchana kusinzia, hasira za ghafla, kusahau, kushindwa kufuatilia jambo moja hadi mwisho. Baadaye mwandiko unaharibika, na mikono ikinyooshwa mbele inadundadunda kama bawa la ndege. Kinachochochea mara nyingi ni kufunga choo, maambukizi, damu kuvujia tumboni, au dawa za usingizi. Kwa ulivyojieleza, na kwa kuwa ini lako ndio kwanza limeanza kusinyaa, nadhani kwako ni mawazo tu. Lakini kudhani hakutoshi. Daktari akuone, akupime, aseme.

Kwenye kundi nililoliongoza miaka michache iliyopita alikuwemo fundi seremala, mpole, mtu wa kuchangamsha wenzake. Wiki ya tano akaanza kuwakatiza wengine wanapozungumza. Wiki ya sita aliingia kwenye simu saa tisa alasiri badala ya saa tatu usiku, nikajiambia amechanganya saa ya simu na saa ya Kiswahili. Usiku ule aliporudi aliandika ujumbe ambao nusu ya herufi zilikuwa zimepotea. Wenzake wakaanza kumpa moyo, awe na subira, awe mtu wa sala. Nikampigia mkewe papo hapo. Akaniambia mumewe hajapata choo siku ya tano sasa. Walimpeleka hospitali usiku uleule, akapewa laktulosi, dawa ya majimaji ya kulainisha choo, na baada ya siku chache akawa mtu yuleyule tunayemjua. Alipona, lakini mimi nilichelewa wiki nzima, na wiki hiyo bado inaniuma. Tangu hapo kila kikao changu kinaanza kwa kuuliza choo na usingizi, hata kama wageni wanaona haya. Na kila mgonjwa namfundisha yeye na mtu wake wa nyumbani jaribio moja jepesi: taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Ukijua idadi yako ya kawaida, siku ikishuka chini ya 10 unapelekwa hospitali bila kusubiri kikao.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza nesi wako ni hili: anayeongoza kundi anaujua ugonjwa wa ini? Mwanasaikolojia hodari asiyeujua anaweza kukufundisha kupumua huku ubongo wako unalowa sumu. Si lazima awe daktari. Nesi wa kliniki ya ini aliyefundishwa ushauri nasaha anatosha kabisa, mradi awe na namba ya mtu wako wa karibu na ajue kumtafuta.

Swali la pili: kuna biashara humo ndani? Mtu akiuza unga, mafuta au majani ya ini, au kiongozi mwenyewe akawa na "bidhaa", toka siku hiyohiyo. Watu wenye hofu wakikaa pamoja ni soko, na wauzaji wanalijua hilo.

Hiyo desturi ya wiki nane ina chimbuko lake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuituliza akili kwa watu wenye maradhi yasiyoisha, ambayo baadaye yalizoeleka kuwa ya wiki nane. Wazo la kuwakutanisha wagonjwa ni la zamani zaidi. Mwaka 1905, mjini Boston, daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu kila wiki ili awafundishe kupumzika na kujitunza, akaona kule kukutana kwenyewe kunawapa nguvu. Kwa ini, uko utafiti wa mwaka 2017 wa Jasmohan Bajaj na wenzake, Richmond, Virginia. Walichukua watu 20 wenye ini lililosinyaa na huzuni, kila mmoja na mtu anayemuuguza nyumbani, wakakaa kwa makundi saa moja kwa wiki, wiki nne, na mazoezi ya kufanya nyumbani. Huzuni ikapungua, usingizi ukawa mzuri zaidi. Na wauguzaji nao wakapumua, mzigo wao ukawa mwepesi. Ni utafiti mdogo, siujengei ghorofa. Lakini unalingana na ninachokiona.

Nawe unaweza kusema: hao walikaa chumba kimoja, mimi nitakuwa na simu ya mkononi. Basi sikia la jirani zetu. Kwenye kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini wapatao 694 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopata mafunzo walikutana mara tano, na mafundisho yenyewe yalikuwa ni sauti iliyorekodiwa, ya kudhibiti msongo, iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hapakuwa na video wala profesa. Ilikuwa sauti inayoeleweka, na watu wanaosikiliza pamoja. Kwa hiyo mwambie mumeo kwamba bando utakalotumia ni dogo, kwa sababu kamera utaizima. Sauti peke yake inakula bando kidogo sana kuliko picha.

Humo ndani mtafanya nini? Sehemu kubwa ni kusikiliza. Kwenye makundi yangu kila mtu anapewa dakika mbili za kusema wiki yake ilivyokwenda, na marufuku mwingine kumpa ushauri katika dakika hizo. Hapo ndipo penye dawa, ukiniuliza. Mtu aliyekaa miaka sita akiamini ni yeye peke yake anayeamka saa nane usiku na kugusagusa ubavu wa kulia kuangalia kama umevimba, anamsikia mwingine, wa Songea au Kahama, akisema jambo hilohilo. Wengine hulia. Mmoja aliniambia alikuwa hajawahi kulitamka neno "homa ya ini" kwa sauti yake mwenyewe mpaka usiku ule.

Halafu yanakuja mazoezi. La kupumua ni rahisi: vuta kwa pua taratibu, toa kwa mdomo polepole zaidi ya ulivyovuta, dakika tano, mkono juu ya tumbo. Usibane pumzi. Kubana pumzi na kujikamua kunapandisha shinikizo tumboni, na mwenye mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula hatakiwi kujaribu hilo. La pili ni la kukaza na kulegeza misuli, sehemu moja baada ya nyingine, ambalo daktari Edmund Jacobson wa Chicago aliliandikia kitabu mwaka 1929. Vitabuni utaambiwa anza na miguu. Mimi wagonjwa wa ini nawaanzisha na mikono na uso, kwa sababu wengi hushikwa na mkakamao wa misuli ya vigimbi vya miguu usiku, na ukiikaza kwa nguvu unaualika. Vitabu vinasema pia lala chali. Mwenye maji tumboni hawezi, anakosa pumzi, kwa hiyo akae au aegemee mito. Mambo madogo haya ndiyo yanayotofautisha kundi la wagonjwa wa ini na mafunzo ya jumla unayoyakuta kwenye simu.

La tatu ni saa ya kuwaza. Badala ya kupigana na mawazo kutwa nzima, yape robo saa yake, tuseme saa kumi na moja jioni baada ya kusahihisha madaftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika yale unayoweza kuyafanyia kitu: tarehe ya altrasaundi, nauli ya kwenda Tanga, nani amwangalie mtoto. Upande wa pili yale ambayo hayako mikononi mwako. La upande wa kwanza lipe hatua moja ya wiki hii, moja tu. La upande wa pili lifungie daftarini hadi kesho jioni. Kule Harare, tangu mwaka 2006, bibi waliofundishwa na daktari Dixon Chibanda hukaa kwenye mabenchi ya zahanati wakiwasaidia watu kwa njia inayokaribiana na hii, tatizo moja kwa wakati mmoja. Washona, watu wa huko Zimbabwe, wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utaona si sisi pekee tunaougua "mawazo".

Kwa usingizi, nakuomba kwa msisitizo: usinunue diazepamu wala dawa yoyote ya usingizi dukani. Kwa ini lililosinyaa dawa hizo zinakaa mwilini muda mrefu na zinaweza kukuletea ule mchafuko wa ubongo niliouelezea. Vivyo hivyo diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu, ziache. Parasetamoli inafaa kwa kiasi, kwa wengi wenye hali yako isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya kawaida, na daktari wako akubaliane. Kisha, baada ya kikao cha Alhamisi, kula kitu kabla ya kulala: uji, kipande cha mkate na maziwa, viazi. Ini lililosinyaa haliwezi kuweka akiba ya kutosha ya nguvu kwa usiku mzima, na likikosa chakula mwili unaanza kula misuli yake. Ndiyo maana pia suala la kufunga Ramadhani, ikiwa linakuhusu, usiliamue peke yako.

Hofu yako ya kujulikana naiheshimu. Muheza ni mji mdogo, na wewe ni mwalimu. Watu wakisikia "ini" wengine watasema mlevi, wengine wataogopa kula nawe sahani moja, ingawa homa ya ini B haiambukizwi kwa sahani, kukumbatiana wala kikohozi. Inapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo haikukuagiza uwatangazie majirani. Ilikuagiza umwambie anayeweza kukusaidia. Uliza basi kundi linatumia nini. Kwenye grupu la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba yako, na namba yako labda wazazi wa shule nzima wanayo. Kwenye Zoom unaweza kuingia kwa jina lolote, kamera imezimwa. Wakitumia WhatsApp, tafuta laini nyingine kwa ajili ya hilo tu, na picha yako ya wasifu uiondoe. Uliza kama vikao vinarekodiwa. Jibu linalofaa ni hapana. Vaa spika za masikioni, kaa chumba chenye mlango.

Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, au unaona afadhali ufe yaishe, hilo halisubiri Alhamisi. Mwambie mumeo usiku huohuo na mwende hospitali. Pia kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, homa na tumbo kuuma, au kuchanganyikiwa: hayo ni ya hospitali mara moja, si ya kundi.

Narudi kwa mumeo, maana nadhani naye haogopi bando. Anaogopa kukupoteza wewe, na hajui pa kuisemea hofu yake. Kwanza, kama bado, apimwe homa ya ini B, na akikutwa salama achanjwe, sindano tatu ndani ya miezi sita. Mlinganishe na wale wauguzaji wa Richmond: nao walilala vizuri zaidi walipoingizwa ndani ya jambo. Muulize nesi kama kundi lina kikao kimoja cha watu wa nyumbani. Kama halina, Alhamisi ya kwanza usiitumie naye, iwe yako peke yako. Kisha mwombe usiku mmoja wa wiki, baada ya watoto kulala, akuhesabie wanyama kwa dakika moja huku ameshika saa. Mwanzoni mtaona haya. Lakini atakuwa na kazi ya kufanya, na atakuwa mtu wa kwanza kujua siku ambayo hesabu imepungua.